Nahisi rumeti wangu anatumia unga. Nimripoti, nihame au nikae kimya?

#1 Kitanda_Cha_Juu
Habari zenu wakuu, naenda moja kwa moja. Niko chuo mwaka wa pili, hosteli, chumba cha watu wawili, mimi nalala kitanda cha juu jamaa analala cha chini. Tumekaa pamoja tangu mwaka wa kwanza na siyo mtu mbaya, nisieleweke vibaya. Mwaka jana nilikuwa naelekea kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli) kwenye hesabu, yeye ndo alinikalisha chini kila usiku mpaka nikatoboa.

Muhula huu kabadilika. Mchana anafunga madirisha, anapuliza pafyumu chumba kizima, chooni anakaa nusu saa, anajikuna pua na shingo muda wote. Halafu anasinzia akiwa amekaa. Juzi alikuwa anafunga kamba za viatu, akainama hivyohivyo mkono umeshika kamba, akabaki hapo kama dakika kumi, kichwa kinashuka taratibu kinakaribia goti halafu kinapanda tena, na hadondoki. Nikamuita, akajibu "nakusikia" kwa sauti ya kawaida kabisa na akamalizia fundo.

Jana nikawa natafuta chaja (tunatumia moja), nikanyanyua godoro lake nikakuta ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri, nikiikunjua katikati ina mstari mweusi unapindapinda kama alipopita konokono. Pembeni kuna mrija wa kalamu uliotolewa wino. Nikarudisha kama nilivyokuta. Moyo unanidunda mpaka sasa hivi ninavyoandika.

Hela yangu imepotea mara mbili kwenye suruali. Mtihani wiki tano zijazo. Nifanyeje wakuu? Nataka ushauri wa mtu aliyepitia, siyo matusi.

#2 Upepo_wa_Kusi
Hama leo. Siyo kesho. Msako ukipita hapo hawaulizi kitanda cha juu ni cha nani cha chini ni cha nani, mnabebwa wote.

#3 Kigoda
Pole mkuu. Naweka kambi hapa, na mimi nina wa kwangu.

#4 Mtunza_Bustani
Tusimhukumu kijana wa watu kwa kusinzia. Mdogo wangu alikuwa anasinzia hivyo darasani wakamuita mvuta bangi mwaka mzima, kuja kupimwa ni sukari. Na mtu mwenye msongo wa mawazo usiku halali, mchana anakatika kama redio. Hiyo karatasi je, umeona akiitumia? Kitu kikiwa chini ya godoro la hosteli kinaweza kuwa cha aliyelala hapo miaka mitatu iliyopita.

#5 nesi_wa_zamu
Mtunza_Bustani hoja yako nzuri lakini karatasi yenye mstari mweusi siyo sukari. Hiyo ni alama ya kitu kilichowekwa juu yake kikachomwa kwa chini, mtu akawa anaufuata moshi na mrija.

Kitanda_Cha_Juu angalia macho yake, kile kidoti cheusi cha katikati. Heroini na dawa nyingi za jamii yake (morfini, kodeini) zinakifinya kinakuwa kama ncha ya sindano hata chumba kikiwa na giza. Kokeini na vichangamshi vingine vinafanya kinyume, kidoti kinatanuka. Bangi inaleta wekundu zaidi. Kujikuna pua na shingo, choo kigumu cha kukaa nusu saa, kusinzia huku anakusikia, vyote hivyo vinaelekea upande mmoja. Ila mimi simpimi mtu kwa simu, naomba ieleweke.

Na swali langu la muhimu kuliko yote: anachanganya na pombe au vidonge vya usingizi?

#6 Kitanda_Cha_Juu
Asante dada nesi. Macho nitaangalia. Pombe hanywi, vidonge sijui. Ila kuna kipindi asubuhi anaamka anatoka makamasi, machozi, anapiga miayo mfululizo, vinyweleo vimemsimama, anasema mafua. Anatoka, akirudi baada ya saa moja mafua yote yamekwisha.

#7 Nilipona_Mimi
#6 hapo hakuna mjadala tena, hiyo ni arosto, mwili unadai unga. Mafua ya saa moja hayapo duniani. Narudi jioni niandike vizuri, hili jambo linanigusa.

#8 Mzee_Kobe
Vijana mnashangaa heroini, hii kitu ilikuwa dawa ya kikohozi. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani ndo waliogundua miaka ya 1920 wakaiuza madukani kama dawa ya kawaida, mama anampa mtoto akikohoa. Na waliitangaza kuwa ni mbadala wa morfini usio na uraibu. Sasa jiulize, kama wataalamu walidanganyika, kijana wa miaka 21 atajuaje?

#9 Kalamu_Nyeusi
Mzee Kobe shikamoo, ila hiyo 1920 siyo. Bayer waliiingiza sokoni mwaka 1898. Na hawakuwa wa kwanza kuitengeneza, mkemia Mwingereza Alder Wright aliipata London mwaka 1874, ikakaa tu. Miaka ya 1920 ndo Marekani waliipiga marufuku, labda hapo ndo umechanganya.

#10 Mzee_Kobe
Marahaba kijana. Nimekubali, 1898. Hoja yangu iko palepale.

#11 Upepo_wa_Kusi
Mzee Kobe akiingia kwenye uzi wowote lazima turudi karne ya kumi na tisa kwanza 😂 mzee wetu tunakupenda. Sasa turudi kwa kijana, anahama au hahami?

#12 Nilipona_Mimi
Nimerudi. Naandika ndefu mnisamehe.

Mimi nimetumia miaka sita, na nilianza chuo, kwenye chumba kama hicho, kitanda cha chini kama hicho. Rumeti wangu alijua na akakaa kimya muhula mzima kwa sababu alikuwa ananipenda, na mimi nilimuibia huyohuyo. Niliiba simu yake halafu nikamsaidia kuitafuta, nikanyanyua magodoro pamoja naye, nikamwambia twende kwa patroni tukaripoti. Nasema hivi ili ujue: hela yako ameichukua yeye, na anakupenda, na vyote viwili ni kweli.

Watu hawaelewi kwamba ukishazama hutumii tena kwa raha. Raha iliisha miezi ya mwanzo. Baada ya hapo unatumia ili usiumwe, ili uweze kukaa darasani kama mtu. Arosto inaanza masaa 8 mpaka 24 tangu ulipotumia mara ya mwisho, siku ya pili na ya tatu ndo moto wenyewe, mifupa inauma kama inakunwa kwa ndani, unatapika, unaharisha, miguu inarusha teke yenyewe usiku kucha. Ikifika wiki mwili unaanza kutulia. Mwili. Kichwa hakitulii wiki moja.

Kwa hiyo ukimwambia "acha" anakusikia kama unamwambia "ingia kwenye huo moto wiki nzima halafu ukafanye mtihani". Siyo kwamba hataki.

Kilichonitoa ni methadoni, dawa ya kliniki inayozuia arosto. Unakwenda kila siku, unapewa ya maji, unakunywa mbele yao. Kuna watu watakwambia ni kubadilisha unga kwa unga mwingine, mimi nilikunywa miaka mitatu nikarudi kuwa binadamu, nikafanya kazi, nikapunguziwa kidogokidogo mpaka sifuri.

Ushauri wangu: zungumza naye, lakini siyo akiwa amelewa na siyo akiwa na arosto. Muda mzuri ni masaa machache baada ya kutumia, akili inakuwa imetulia. Usimwambie "najua wewe ni teja". Mwambie ulichokiona, viatu, mafua, karatasi, halafu unyamaze. Huo ukimya ndo utakaofanya kazi.

#13 Kigoda
Daah #12. Ubarikiwe kaka.

#14 Mtunza_Bustani
Nilipona_Mimi asante, nimefuta mawazo yangu ya sukari.

#15 Hakimu_wa_Kijiweni
Mimi naongelea sheria kwa sababu wengi mnatishana humu. Sijui yuko nchi gani kwa hiyo naongea kwa jumla. Sehemu nyingi ili mtu akutwe na hatia ya kupatikana na dawa, upande wa mashtaka waonyeshe mambo mawili: ulijua ipo, na ulikuwa na mamlaka nayo. Kuwa chumba kimoja peke yake hakutoshi. Shida ni kwamba hayo yanasemwa mahakamani, na kabla ya mahakama kuna mahabusu, na chuo kina kanuni zake ambazo hazingoji mahakama, wengine wanafukuza chumba kizima halafu ndo wanauliza.

Sasa tazama, juzi kijana wetu alikuwa hajui. Leo anajua, na ameshaishika ile karatasi kwa mkono wake. Hapo kwenye "kujua" ndo pameshabadilika. Kwa hiyo: usiishike tena, usiifiche, usiitupe kwa niaba yake, usiibebe hata hatua tatu. Vitu vyako vyote ndani ya kabati lenye kufuli na ufunguo uwe mmoja. Chaja nunua yako. Na andika barua ya kuomba kuhama chumba, hata usipotaja sababu, iwe na tarehe na mhuri wa kupokelewa.

#16 Kamba_Mbili
Haya yote yanatokea kwa sababu ya sheria kali. Ureno wamehalalisha dawa zote tangu 2001 na mambo yametulia. Huyo kijana angekuwa Ureno tusingekuwa na uzi huu.

#17 Kalamu_Nyeusi
Kamba_Mbili, Ureno hawajahalalisha. Wametoa kosa la kuwa na kiasi cha matumizi binafsi, kinachokadiriwa siku kumi, kwenye jinai. Ukikamatwa nacho unachukuliwa, unapelekwa mbele ya kamati ya watu wa sheria, afya na ustawi wa jamii, wanaweza kukutoza faini au kukuelekeza matibabu. Kuuza ni jela kama kawaida. Na walitia hela nyingi kwenye tiba wakati huohuo, hicho kipande watu huwa wanakiruka.

#18 Kamba_Mbili
Sawa mwalimu. Lakini hakuna anayeogopa kumpigia mtu gari la wagonjwa, hiyo utakubali.

#19 Dada_Mkubwa
Nimesoma uzi wote nikawa nasita kuandika. Hapo Kamba_Mbili aliposema gari la wagonjwa ndo nimeamua.

Mimi rumeti wangu alifariki. Tulikuwa wanne chumbani. Alikuja usiku akiwa mchangamfu, akasema amechoka, akalala chali. Baadaye akaanza kukoroma. Siyo koroma ya kawaida, ilikuwa kama mtu anasukutua maji kooni, inakata, kimya, halafu inarudi tena kwa nguvu. Alikuwa hakoromi hata siku moja huyo dada. Sisi tukacheka. Mmoja akamrekodi kwa simu ili kesho tumtanie. Niliweka mto kichwani nikalala, nilikuwa na testi asubuhi.

Saa kumi na mbili nikamgusa bega nimuamshe, lilikuwa la baridi.

Ile rekodi ipo mpaka leo kwa mwenzetu, hajaweza kuifuta na hajaweza kuisikiliza. Sikujua anatumia nini, baadaye ndo tuliambiwa ni dawa za maumivu za jamii ya morfini na vidonge vya usingizi kwa pamoja. Wewe mdogo wangu unajua. Nakuomba tu, kama utaendelea kulala chumba hicho, usiku ukisikia koroma hiyo usiseme amelala fofofo.

#20 Kigoda
Pole sana dada. Sina neno.

#21 nesi_wa_zamu
Dada_Mkubwa pole, na asante kwa kuandika, maana umeeleza vizuri kuliko vitabu vyetu. Hiyo koroma ni ulimi na koo vimelegea na pumzi inapita kwa shida. Dawa za jamii ya heroini zinaua kwa kuizima ile sehemu ya ubongo inayokukumbusha kupumua, na vidonge vya usingizi na pombe vinafanya kazi hiyohiyo. Ndiyo maana nilimuuliza Kitanda_Cha_Juu jamaa anachanganya na nini.

Kitanda_Cha_Juu soma hapa mara mbili. Ukimkuta hivyo: muite jina kwa nguvu, kunja ngumi umsugue katikati ya kifua na vifundo vya vidole, inauma, mtu aliyelala kawaida ataamka na kukutukana. Asipoamka, hesabu pumzi. Chini ya kama 12 kwa dakika kaa chonjo, pumzi moja kila sekunde nane kumi ni hatari tupu. Midomo kwa ngozi nyeusi haionyeshi bluu vizuri, inakuwa kijivu, fungua mdomo uangalie ndani na kwenye kucha. Ita msaada kwanza. Kama hapumui kabisa mpulizie mdomo kwa mdomo, pumzi moja kila sekunde tano. Kama anapumua mlaze kwa ubavu, goti la juu likunjwe limzuie asirudi chali, ili akitapika asijipalie. Usimmwagie maji, usimnyweshe maziwa wala chumvi, usimtembeze, usimuache peke yake.

Dawa ya kumrudisha inaitwa naloksoni. Marekani ilikubaliwa mwaka 1971 na tangu 2023 inauzwa kule bila cheti, ya kupuliza puani. Sehemu nyingine inapatikana hospitali tu. Ila inafanya kazi dakika 30 mpaka 90 halafu inaisha na ile heroini bado imo mwilini, kwa hiyo mtu akiamka bado anahitaji kuangaliwa.

#22 Upepo_wa_Kusi
Nilisema ahame. Bado nasema ahame. Lakini baada ya #19 sijui tena akihama huyo jamaa atakoroma na nani.

#23 Msafiri_Bado
Samahani nachomekea. Wangu anavuta bangi tu, chumbani, dirisha limefungwa. Kuna mafunzo kwa vitendo mwezi ujao na kule wanapima mkojo. Moshi wake unaweza kunionyesha mimi?

#24 nesi_wa_zamu
Msafiri_Bado inawezekana lakini mpaka hali iwe mbaya kweli. Watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani waliwahi kuwafungia wasiovuta na wavutaji kwenye chumba kidogo saa nzima. Kisichopitisha hewa kilileta athari hata kwenye mkojo wa baadhi ya wasiovuta, feni ilipowashwa mambo yakawa tofauti kabisa. Fungua dirisha, na wiki ya mwisho lala kwa rafiki. Aliyevuta mara moja inaonekana siku kama tatu, mvutaji wa kila siku inaweza kuzidi mwezi, wewe wa moshi ni muda mfupi.

#25 Msafiri_Bado
Shukrani. Kulala kwa rafiki nitaweza, kufungua dirisha itakuwa vita.

#26 Kitanda_Cha_Juu
MREJESHO. Nimeongea naye.

Nilifanya kama Nilipona_Mimi alivyosema. Jumamosi mchana, ametoka kurudi, katulia. Nikamwambia viatu, mafua, karatasi. Nikanyamaza. Wakuu huo ukimya ulikuwa mzito, nilisikia bomba la kule bafuni linavyodondosha. Akasema "tangu lini unajua?" Hakukataa.

Anasema ilianzia kwenye kifundo cha mguu. Mwaka jana aliumia mpirani, akapewa tramadoli, vidonge vya maumivu vya jamii ya morfini, mguu ukapona lakini bila kidonge akawa anaumwa mwili wote, akaendelea kununua mtaani. Vikapanda bei, kuna mtu akamwambia kuna kitu rahisi zaidi na kinafanya kazi hiyohiyo. Macho yake niliyaangalia dada nesi, vidoti kama ncha ya kalamu.

Hela akasema siyo yeye. Nikamwambia sawa. Kaniomba nisimwambie mtu mpaka mtihani uishe, ataacha mwenyewe likizo. Nikamwambia nitafikiria. Sijajua kama nimefanya vizuri.

#27 Hakimu_wa_Kijiweni
"Ataacha mwenyewe likizo" nimeisikia mara nyingi sana mahali ninapofanyia kazi.

#28 Kalamu_Nyeusi
Hiyo ya tramadoli ni njia inayojulikana. Ilitoka Ujerumani mwaka 1977 na kwa muda mrefu ilichukuliwa kuwa nyepesi, ndiyo maana ilisambaa madukani kirahisi. Vidonge vilimshika kabla ya mtu yeyote kumuonyesha unga.

#29 Upepo_wa_Kusi
Kalamu siku zote unatetea. Watu wangapi wamevunjika miguu wakameza vidonge hivyohivyo wakaacha? Mimi nasema ni makundi. "Kuna mtu akamwambia", huyo mtu ndo chanzo.

#30 Mtunza_Bustani
Mimi nauliza kingine, mzazi yupo? Mwaka jana kulikuwa na msiba au jambo nyumbani? Kifundo ni hadithi rahisi kuisimulia kwa rafiki. Kuna maumivu mtu hayasemi.

#31 Nilipona_Mimi
Mimi nilikuwa na hadithi tatu, kila mtu nilimpa yake, na zote zilikuwa na ukweli ndani. Kwa sasa acheni chanzo, nyumba inaungua. Kijana, hiyo ya kusubiri likizo ni arosto inaongea. Na akijaribu kuacha ghafla peke yake chumbani usimsimamie wewe, hasa kama kuna vidonge vya usingizi ndani yake. Arosto ya heroini inatesa sana lakini kuacha ghafla vidonge vya usingizi, au pombe kwa mlevi wa siku nyingi, kunaleta degedege na mtu anakufa.

#32 Kitanda_Cha_Juu
Baba yake alifariki mwaka jana. Mtunza_Bustani umejuaje? Yeye hakulitaja kabisa siku ile.

#33 Mtunza_Bustani
Sikujua. Nimeuliza tu. Pole yake.

#34 Mzee_Kobe
Kijana, kuna ndugu yake yeyote unayemfahamu? Siyo chuo, siyo polisi. Dada, mjomba, shangazi. Namba ya ndugu mmoja itafute sasa hivi, hata kama hutaipiga.

#35 Kitanda_Cha_Juu
Dada yake. Aliwahi kunipigia yeye akiwa hana chaji. Namba ninayo.

#36 Kitanda_Cha_Juu
Wakuu nimekaa siku tatu sijaandika.

Jumanne usiku, kama saa nane, niliamka sijui kwa nini. Nikasikia. Sukutua, kata, kimya. Nikawa nimelala hapo juu naangalia dari, najiambia amechoka, anakoroma, halafu nikakumbuka hajawahi kukoroma. Dada_Mkubwa, sijui nisemeje.

Nikaruka. Simu tochi. Jina, hakuna. Kifua nikasugua mpaka vifundo vyangu vikachubuka, hakuna. Midomo kijivu. Nikahesabu, pumzi, moja… mpaka kumi na moja ndo nyingine. Nikapiga kelele kwa mlango wa jirani, akaja yeye na mwenzake, mmoja akakimbilia kwa patroni. Kuna mtu alikuja na ndoo ya maji nikamzuia. Tukamlaza ubavu, pumzi ikikawia sana namgeuza nampulizia. Gari la chuo lilichukua kama dakika ishirini.

Hospitali nilisema ukweli wote. Daktari akauliza katumia nini, patroni amesimama pale pale, nikasema heroini, na vidonge, maana nilikuta pakiti chini ya mto. Wakampiga sindano. Haikuchukua hata dakika tatu, akafungua macho, akaangalia huku na huku, akaniona. Akasema "umeniuza".

Saa kumi na moja alfajiri nikampigia dada yake.

#37 Dada_Mkubwa
Mdogo wangu. Nimesoma nimesimama jikoni. Mungu akupe maisha marefu.

#38 Hakimu_wa_Kijiweni
Umefanya sahihi kusema ukweli kwa daktari. Ila patroni kusikia, hapo chuo kitafungua jalada. Nenda na ile barua ya kuomba kuhama kama uliipeleka.

#39 Kamba_Mbili
Ndo maana nilisema sheria. Amefanya jambo la kuokoa mtu na sasa anatafuta barua ya kujitetea. Majimbo mengi Marekani wana sheria inayomlinda anayeita msaada, kwingi haipo.

#40 Upepo_wa_Kusi
Kama angeripoti siku ya kwanza jamaa asingefika Jumanne. Nasema kwa upendo, siyo lawama.

#41 Nilipona_Mimi
Au angefukuzwa siku ya kwanza na Jumanne angekuwa kwenye gheto la mtu, kati ya watu ambao wote wamelala kama yeye. Mkuu hilo halijui mtu. Hilo neno "umeniuza" lisikuumize, ile sindano inamtupa mtu kwenye arosto yote kwa sekunde moja, hapo anaongea moto. Mimi nilimtemea mate nesi.

#42 Kigoda
Na mimi leo nimeongea na wa kwangu. Hajanijibu. Nitaleta uzi wangu.

#43 nesi_wa_zamu
Kitanda_Cha_Juu ametolewa hospitali? Yuko wapi sasa hivi na ni siku ya ngapi hajatumia?

#44 Kitanda_Cha_Juu
Yuko kwa dada yake. Leo ya tano. Dada anasema hali, hanywi, anatetemeka lakini anaongea. Jumatatu wanampeleka kwenye kliniki ya methadoni. Kamati ya nidhamu imeniita Alhamisi, yeye wamemsimamisha. Ujumbe wangu hajajibu, anausoma tu.

#45 nesi_wa_zamu
Basi mwambie dada yake jambo moja leo hii, usingoje Jumatatu. Mwili ukikaa siku hizo bila kutumia unasahau kile kiasi alichozoea. Akirudia kipimo chake cha zamani hata mara moja kinaweza kumuua, na hapo ndipo wengi wanapoondoka, wakiwa wametoka hospitali, jela au kwa ndugu. Asilale chumba peke yake na mlango wa bafu usifungwe kwa ndani.

#46 Kitanda_Cha_Juu
Nampigia sasa hivi.

#47 Kitanda_Cha_Juu
Kapokea. Nimemwambia yote, ameandika. Amesema usiku analala kwenye kochi nje ya mlango wa chumba chake. Halafu akampa simu, jamaa akauliza kama ile hesabu ya sura ya sita nimeshaifanya. Nikamwambia bado.